Sabuni ya kupika nyumbani Dodoma: hesabu ianze na ndoo ya maji

Usiku wa zamu yetu ya maji hapa Nkuhungu hatulali sana. Bomba likianza kukoroma mtu anaamka kupanga madumu, na kukipambazuka kila uwanja una mabeseni matatu: la kufulia, la kusuuzia, na la kusuuzia mara ya pili. Zamu ikiruka, maji ya kufulia tunayanunua kwa dumu kwa vijana wa mikokoteni. Ndiyo maana kila nikisikia kikundi cha akina mama kikifundishwa kutengeneza sabuni ili kubana matumizi na kutunza mazingira, huwa nauliza jambo ambalo halimo kwenye mafunzo: nguo za wiki za nyumba ya watu sita zitakula ndoo ngapi kwa sabuni hiyo?

Mimi ni mtu wa sabuni ya kupika, yaani ya mafuta na kostiki soda, ile kemikali kali inayounguza. Hiki ni kiangazi cha pili naitengeneza nyumbani, na naitetea mbele ya yeyote. Lakini utetezi uliozoeleka, kwamba ni rahisi na ni ya asili, una matundu, na wanaoyaonyesha matundu hayo wana haki ya kusikilizwa.

Jina lenyewe linachanganya. Mafunzo mengi ya ujasiriamali yanaita "kutengeneza sabuni" kazi ya kukoroga salfoniki na magadi soda, kuongeza Ungarol (kiongeza povu), chumvi, gliserini, rangi na manukato, kisha kujaza kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Hiyo ni sabuni ya maji. Imewalipia watoto wengi daftari na ada, na sitaidharau. Ila salfoniki inatokana na mafuta ya petroli na inafika mjini kwenye mapipa ya viwandani. Ni ndugu wa damu wa kile kinachotoa povu kwenye sabuni ya unga ya dukani. Aliyeikoroga uani kwake ameokoa gharama ya kiwanda na ya tangazo la redio, lakini kinachomwagwa ardhini ni kilekile. Kuna mapishi yanayoongeza formalini ili sabuni isiharibike. Dawa hiyo ndiyo inayohifadhia maiti, imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na mama anayefua anatumbukiza mikono humo saa nzima. Hapo sina pande mbili za kupima. Iondolewe.

Pishi la pili linazunguka kwenye simu na asili yake ni Marekani: kwangua mche wa sabuni, changanya na magadi soda na boraksi, umepata sabuni ya unga ya nyumbani. Huko unga huo unaingia kwenye mashine na hakuna mkono unaougusa. Kwa anayefua kwa beseni, magadi ya kiasi kile hukausha ngozi mpaka vidole vinapasuka. Na sabuni yenyewe hujaitengeneza, umeikwangua tu.

Sabuni ya kweli ni mafuta na kostiki soda. Kostiki ikiyeyushwa kwenye maji na kuchanganywa na mafuta, vyote viwili vinageuka: vinakuwa sabuni na gliserini. Kipimo chake hakibahatishwi kwa kikombe. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu kama 920, na inahitaji gramu 123 hivi za kostiki ili igeuke yote. Ukizidisha, sabuni inachoma ngozi na kula nguo. Ukipunguza sana, inabaki na mafuta na haitoi uchafu. Bila mzani wa jikoni unaosoma gramu, kazi hii isianze.

Hapa ndipo wapinzani wana hoja nzito, nayo ni ya pesa. Lita hiyo moja inatoa sabuni iliyokauka ya zaidi kidogo ya kilo moja. Chukua bei ya lita ya alizeti ya leo kwa muuzaji wako wa Majengo au Sabasaba, ongeza kostiki, halafu linganisha na bei ya sabuni ya mche yenye uzito huohuo. Kila nilipopiga hesabu hiyo, mche wa dukani ulishinda. Haishangazi. Kiwanda kinanunua mafuta ya bei ya chini kwa shehena ya meli, kinavuna gliserini na kuiuza pembeni, na kinapika tani kwa siku. Sisi tulio katika mikoa ya alizeti, Dodoma na Singida, tunadanganywa na wingi wa mashine za kukamulia mitaani, tukidhani mafuta ni ya bure. Tunaokumbuka mafuta ya kula yalivyopanda bei kati ya 2021 na 2022 tunajua si ya bure hata kidogo. Isitoshe, sabuni ya alizeti tupu ni laini. Ukiisahau ndani ya beseni, ukirudi unakuta uji.

Kwa hiyo anayechukua mafuta ya kula, mazima, akayageuza sabuni ya kufulia kwa jina la kubana matumizi, anapoteza pesa na anapoteza chakula. Nakubaliana na wakosoaji moja kwa moja.

Lakini Dodoma ina mafuta mengine. Huu ni mji wa chipsi na ni mji wa nyama. Mafuta ya kikaangio yanayotumika siku tatu nne mpaka yanakuwa meusi yanamwagwa mtaroni au, vibaya zaidi, yanaongezewa mapya na kuendelea kukaanga. Kwa wauza nyama, mafuta magumu ya ng'ombe yanayokatwa pembeni ya figo na tumbo ndiyo kitu cha mwisho kununuliwa. Mafuta ya ng'ombe hutoa sabuni ngumu isiyoyeyuka ovyo, jambo ambalo alizeti haiwezi. Kwenye maji baridi inachelewa kutoa povu, na hapo mafuta ya kikaangio yanasaidia. Mimi huchanganya nusu kwa nusu. Mafuta ya ng'ombe nayayeyusha na kuyachuja. Ya chipsi nayachemsha pamoja na maji, naacha yapoe, natoa yaliyoelea juu, harufu nyingi inabaki chini na makombo. Sabuni inatoka ya rangi ya kahawia, na pua kali itatambua ilikotoka. Nguo zikianikwa kwenye jua na upepo wa Dodoma, harufu hiyo haifiki jioni.

Swali ambalo wengi hukwama nalo ni kipimo cha kostiki wakati hujui chipsi zilikaangiwa mafuta gani. Njia salama ni kuyahesabu yote kana kwamba ni alizeti, yaani gramu 134 za kostiki kwa kila kilo ya mafuta. Mawese yanahitaji kama 141, ya ng'ombe kama 140. Ukitumia namba ya chini, mafuta kidogo yatabaki bila kugeuka na kostiki haitabaki. Nguo inastahimili mafuta kidogo kuliko ngozi inavyostahimili kostiki.

Hesabu ya mkaa nayo isifichwe. Kuyeyusha mafuta kunakula moto, na mtu anayenunua mkaa kwa kopo ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Jibu langu ni kuyeyusha kwenye moto uliobaki baada ya kupika maharage, na kutengeneza sabuni kwa njia ya baridi isiyohitaji kuchemshwa tena. Mchanganyiko unagandia kwenye boksi, unakatwa kesho yake au keshokutwa, kisha miche inakaa wiki nne hadi sita ikauke. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, ndicho msimu wake.

Sasa hatari, ambayo ingeweza kunifanya nibadili upande. Sufuria za nyumba nyingi ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu: inachemka, inatoa gesi inayowaka moto, na sufuria inatoboka. Jirani yangu aliona hivyo kwa macho yake jikoni, na bahati yake ni kwamba mlango ulikuwa wazi. Tumia ndoo ya plastiki nzito au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kostiki ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya kostiki yanaweza kuruka usoni yakiwa yanachemka. Mchanganyiko huo hupanda joto kupita nyuzi 80 bila moto wowote chini yake. Na kabla ya kufungua kopo la kostiki, weka pembeni ndoo iliyojaa maji safi ya kujiosha, kwa sababu jicho lililorukiwa linahitaji kumiminiwa maji dakika 15 au zaidi wakati mtu anatafuta usafiri wa kwenda hospitali. Siku ambayo ndoo hiyo haipo kwa sababu zamu imeruka, ahirisha.

Mtoto ndiye ninayemwogopea zaidi. Kostiki iliyoyeyushwa inafanana na maji, na tuna tabia ya kuhifadhi kila kitu kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, inaunguza koo na umio, na kovu linaweza kuziba njia ya chakula miezi baadaye. Asilazimishwe kutapika, akimbizwe hospitali. Kama nyumba yako haina kabati lenye kufuli au rafu asiyoifikia, nunua mche wa dukani kwa amani. Akiba ya sabuni haifiki hata robo ya njia kuelekea thamani ya hilo koo.

Nirudi kwenye ndoo. Maji ya visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, ndiyo yaliyoulisha mji huu miaka yote, na ni maji magumu, yaani yenye chokaa. Ukoko mweupe ndani ya birika lako ndio ushahidi. Sabuni ya mafuta ikikutana na chokaa ya maji hayo haitoi povu, inaganda kuwa utando wa kijivu unaoshika kwenye nguo. Shati jeupe la shule linaanza kufifia baada ya wiki chache, na mzazi analaumu vumbi jekundu kumbe ni utando. Sabuni ya unga na ya maji hazina shida hiyo, zilitengenezwa kuikwepa. Hoja hii ni ya kweli na watetezi wa sabuni ya asili huipita kimya.

Upande wa pili wa chokaa hiyohiyo sijausikia ukisemwa. Povu la sabuni ya maji linang'ang'ania: unasuuza mara ya kwanza bado lipo, mara ya pili ndiyo linaisha. Povu la sabuni ya mafuta likiguswa na maji magumu ya kusuuzia linakufa papo hapo. Nyumbani kwangu khanga, vitenge, mashuka ya rangi na nguo za kazi nimezipunguzia beseni la tatu. Kwa anayenunua maji kwa dumu, akiba hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya sabuni yenyewe.

Msimu wa mvua mambo yanabadilika kabisa. Maji ya mvua hayana chokaa, na sabuni ya kupika ikikutana nayo inatoa povu jororo, na shati jeupe linatoka jeupe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dodoma tunapata milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 50 linapokea lita zaidi ya 27,000. Hata ukitoa za kumwagika na za mwanzo za kusafishia bati, zinabaki kama 20,000. Sijui kwa nini fundi anayefundisha sabuni hafundishi na mfereji wa paa siku hiyohiyo.

Kuhusu ardhi, nawasihi watetezi wenzangu wapunguze sauti. Sabuni ya mafuta inaoza haraka, kweli. Lakini kostiki ina sodiamu, magadi yana sodiamu, na sodiamu haiozi popote. Kwenye udongo wa nchi kame usiopata mvua ya kuusuuza inajikusanya, udongo unagandamana, maji yanashindwa kupenya. Mchicha unaomwagiwa maji ya beseni la kwanza kila wiki utaonyesha. Maji hayo nayamwaga uwanjani kukata vumbi, nikibadilisha sehemu. Ya kusuuzia yanakwenda kwenye mpapai na miarobaini. Katika mji wenye kampeni ya kuufanya wa kijani, ni vizuri tujue maji gani yanaufikia mti gani.

Pakiti ndogondogo za sabuni ya unga ni hoja rahisi zaidi. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 halikuzigusa, na zimejaa kwenye makorongo yetu. Mche uliofungwa kwa gazeti hauachi kitu.

Nyumba yangu imegawanya kazi. Mashati ya shule wakati wa kiangazi yanafuliwa kwa sabuni ya unga, ya mfuko mkubwa. Kila kitu kingine ni sabuni ya kupika. Muuza chipsi wa kona ananiwekea mafuta yake kwenye dumu la lita tano, na mimi namrudishia miche miwili ya kufulia aproni zake. Kundi la mwisho la sabuni nililikata mwanzoni mwa Oktoba. Limepangwa juu ya mbao chini ya paa la nyuma, na fundi wa mifereji kaahidi kuja kabla mvua haijaanza.