Kasha la Switch: linda vijiti kwanza, urembo utafuata

Mtu akiamua kujitengenezea kasha la Nintendo Switch, ile mashine ya michezo ya kubebeka, akili yake hukimbilia kwenye kioo. Anatafuta kitambaa laini, anajaza sponji, anavuta zipu, anaridhika kwa kuwa kioo hakina mkwaruzo. Lakini mkwaruzo unazuiwa na protekta ya bei ndogo. Vinavyoumia ndani ya begi ni vile vijiti viwili vya kuongozea, vinavyochomoza kuliko kitu kingine chochote usoni mwa mashine. Kasha lililojaa sponji laini huvikandamiza muda wote linapokuwa limefungwa, na begi likibanwa kwenye daladala hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa maoni yangu, hilo si kasha, ni soksi yenye zipu.

Ndani ya kijiti cha Joy-Con, yaani kile kidhibiti kinachochomekwa kila upande wa mashine, kuna njia nyembamba za kaboni, na juu yake vipande vidogo vya chuma huteleza ili mashine ijue kijiti kimeelekea wapi. Njia hizo zikichakaa au zikiingiwa na vumbi, mhusika kwenye mchezo huanza kutembea bila kuguswa. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja. Kuchakaa kunakotokana na kucheza hakuzuiwi na kasha lolote. Kasha linaweza tu kuhakikisha kijiti kinasimama wima bila kuguswa, na vumbi linabaki nje. Ukilikubali hilo, karibu kila uamuzi wa ujenzi unabadilika.

Tuanze na vipimo. Switch ya mwaka 2017, ikiwa na Joy-Con zote mbili, ina urefu wa milimita 239, upana wa 102 na unene wa 13.9. Anayesoma namba hizo tatu na kushika kisu papo hapo atapoteza sponji yake, kwa sababu ipo namba ya nne: kutoka ncha ya kijiti mbele hadi ncha ya vitufe vya ZL na ZR nyuma ni milimita 28.4, mara mbili ya unene wa mwili. Toleo la OLED la mwaka 2021 lina urefu wa 242, mengine ni yale yale. Vipimo ninavyotoa hapa ni vya toleo la kwanza. Mwenye OLED aongeze milimita 3 kwenye urefu tu. Mwenye Switch 2 ya 2025 aanze upya kabisa, maana ile ina urefu wa milimita 272 na haitaingia hapa hata kwa kusukumwa.

Kabla ya kukata chochote, tengeneza mfano wa mashine kwa maboksi: vipande vya 239 kwa 102 vilivyobandikwa hadi vifikie unene wa milimita 14, kisha bandika vizibo vya chupa mahali pa vijiti na vipande vya boksi nyuma mahali pa ZL na ZR. Hakikisha jumla inafika 28.4. Kupima, kubana na kujaribu kote kufanyike kwa mfano huu. Mashine yenyewe ikae kabatini mpaka kazi iishe.

Sponji ya godoro usiiguse. Inabonyea hadi mwisho chini ya uzito mdogo, inanyonya unyevu, na kwenye joto la pwani huanza kuoza na kuacha unga unaonata, ambao utaishia kwenye matundu ya hewa ya mashine. Kinachofaa ni EVA, ile inayotengenezewa soli za kandambili. Wauzaji wa vifaa vya viatu huwa nayo kwa shiti, na ile mikeka ya kuunganisha ya watoto mara nyingi ni EVA pia, ingawa upande mmoja una mikunjo ambayo lazima uigeuzie chini. Ya soli ni ngumu, nzuri kwa kuta. Ya mkeka ni laini kidogo, nzuri kwa sehemu zinazogusa mashine. Mikeka ya mazoezi si ya kuaminika, mingi ni PVC. Plastiki laini ya PVC hutoa vilainishi vyake taratibu, na baada ya miezi kadhaa huacha alama za kunata kwenye ganda la mashine. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke ngozi ya bandia upande wa ndani.

Unahitaji EVA ya milimita 10 na kiasi kidogo ya milimita 5. Muundo ni huu. Tabaka la chini ni la milimita 10, zima, isipokuwa mashimo mawili ya kuzamisha ZL na ZR ili mgongo wa mashine ulale bapa. Juu yake inakaa fremu ya milimita 15, yaani tabaka la 10 na la 5 yakibandikwa pamoja, ikizunguka mwili wa mashine. Kifuniko kina tabaka la milimita 10. Ukijumlisha unapata 35 kabla ya vitambaa na mabamba ya plastiki yatakayokaa nje ya EVA.

Tundu la fremu likatwe 241 kwa 104, si 239 kwa 102, kwa sababu flaneli ya ndani inakula karibu milimita 1 kila upande. Kuta ziwe na upana wa milimita 15, hivyo umbo la nje ni 271 kwa 134. Kona za nje zizungushwe kwa nusu kipenyo cha milimita 25. Utaona sababu tukifika kwenye zipu.

Sasa kifuniko, ambapo ndipo penye kazi yenyewe. Joy-Con ina upana wa milimita 35.9. Juu ya kila moja, kata dirisha la 38 kwa 104 linalopita EVA yote ya kifuniko. Usikate kijitundu cha ukubwa wa kijiti tu, kwa sababu kitahama kidogo na ukingo wake utakigusa, na zaidi ya hapo vitufe vya pembeni navyo vitabanwa. Baada ya madirisha mawili, katikati hubaki mto wa milimita 165 hivi unaolala juu ya kioo. Mto huu ukiwa na flaneli unabonyea chini ya milimita moja juu ya mashine, na shinikizo linasambaa eneo lote. Mashine haichezi, kioo hakionewi, na vijiti viko hewani.

Hewa peke yake haitoshi, kwani dirisha tupu lenye jinzi ya nje tu juu yake hubonyea kwa kidole kimoja. Hapo ndipo linapoingia dumu la mafuta ya kula la lita 20. Plastiki yake haivunjiki kirahisi, haiozi, na inapatikana kila mtaa. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto hadi utelezi uishe, kisha kata mabamba mawili ya 262 kwa 122 kutoka pande zilizo bapa, ukikwepa mistari na maandishi yaliyochomoza. Bamba likiwa limejikunja, litumbukize kwenye maji yanayochemka hadi lilegee, lilaze kati ya mbao mbili, weka uzito, uliache lipoe hapo hapo. Ukilitoa likiwa la moto litarudi lilivyokuwa. Kingo zipigwe msasa na kona zizungushwe, la sivyo zitatoboa kitambaa ndani ya wiki chache.

Jambo moja linawashinda wengi: plastiki ya dumu haishiki gundi. Unaweza kupaka gundi ya viatu, ukaona imeshika, kesho yake bamba linabanduka zima zima. Usibishane nayo. Bamba linakaa kwenye mfuko, kati ya jinzi na kitambaa cha pili kilichoshonwa pande tatu, na upande wa nne unafungwa kwa mkono baada ya kulichomeka. EVA ndiyo inayobandikwa kwenye hicho kitambaa cha pili.

Kwa kukata EVA tumia kile kisu chenye wembe wa kuvunja vipande, na uvunje kipande kila unapohisi kisu kinavuta. Pitisha mara tatu au nne kwa wepesi. Ukilazimisha kumaliza kwa mkato mmoja, kisu kitalala na ukuta utakuwa mpana chini na mwembamba juu. Hapo tundu lako la 241 litakuwa 238 kwenye kina.

Makali ya juu ya mashine yanahitaji kuachiwa nafasi. Upande wa kushoto, ukiitazama mashine kwa mbele, kuna kitufe cha L, kisha cha kuwashia na vya sauti. Punguza ukuta hapo kwa kina cha milimita 5 kwa urefu wa milimita 85 kutoka kona. Upande wa kulia milimita 45 zinatosha kwa kitufe cha R. Ukisahau hatua hii, kasha lenyewe litakuwa linaiamsha mashine. Mashine ikiwa macho ndani ya EVA iliyofungwa hupata joto, kwa kuwa hewa yake inaingia mgongoni na kutokea juu, na kote umeziba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotoboa tundu la waya ili wachaji kasha likiwa limefungwa. Kwa safari ndefu, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 3, fungua menyu, uizime kabisa.

Gundi ya viatu ipakwe nyembamba pande zote mbili, isubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike, na ukishagusisha hakuna kusogeza. Ukibandika mapema, kemikali yake hufungiwa ndani na kuendelea kutoka kwa siku nyingi. Kasha likikamilika liache wazi mahali penye upepo siku tatu au zaidi. Ikiwa bado linanuka, mashine isiingie. Usijaribu kubadilisha EVA kwa ile styrofoam nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni, kwa sababu gundi hii huiyeyusha.

Kwa nje naipigia kura jinzi ya mtumba. Ngozi inavutia, lakini pwani huota ukungu ikikaa kabatini, na ile ngumu inataka msharasi, nta na mikono yenye subira. Kitenge kinapendeza ila ni chepesi. Kikitumika peke yake kitatoboka kwenye kona, kwa hiyo kibandikwe kwa pasi juu ya kitambaa cha gamu kile cha kola, au kiwe pambo juu ya jinzi. Mguu mmoja wa suruali ya mtu mzima hutoa paneli zote mbili za 291 kwa 154, mishono ikiwemo. Fua jinzi hiyo hadi maji yatoke meupe, maana rangi ya buluu huhamia kwenye Joy-Con nyeupe na haitoki kwa urahisi. Ndani weka flaneli. Taulo na vitambaa vyenye vitanzi hapana: vitanzi hunasa kile kiguu cha nyuma cha toleo la 2017 na kukichomoa.

Zipu iwe ya nailoni namba 5, ya kupimwa kwa mita, yenye vichwa viwili. Meno ya chuma yatakwaruza mashine kila unapoitoa. Zipu inazunguka pande tatu, jumla milimita 539, kwa hiyo kata 600. Nusu moja inashonwa moja kwa moja kwenye ukingo wa kifuniko. Nusu ya pili kwenye ukanda wa jinzi wenye upana wa 42, unaoungana na paneli ya chini. Upande wa nne ni bawaba: ukanda mzima wa upana wa 58, jinzi mara mbili. Kwenye kona, kata vijimikato kila milimita 5 kwenye ukingo wa utepe wa zipu, bila kufika kwenye mshono. Kona kali kuliko nusu kipenyo cha 25 huifanya zipu isimame kama ukuta na kichwa hukwama hapo siku zote. Cherehani ya kawaida inamudu, ukitumia sindano ya jinzi namba 16 na mshono wa milimita 3. EVA isipite chini ya sindano, inaingizwa mwisho.

Jaribio la mwisho halina gharama. Kanda unga wa ngano kidogo, tengeneza vidonge viwili vya ukubwa wa punje ya maharage, vifunge kwenye nailoni, uvikalishe juu ya vizibo vya mfano wako wa boksi. Funga kasha, weka kilo 5 za mchele juu, subiri dakika kumi. Ukifungua na kukuta kidonge kimebonyea lakini bado kina unene wa milimita 2 au zaidi, nafasi inatosha. Kikiwa kimekuwa chapati, bamba lako ni laini mno au mto wa kati ni mfupi. Ongeza bamba la pili kwenye mfuko kabla ya kugusa kitu kingine.

Wanaotaka nafasi ya kadi za michezo huziweka kwenye mfuko ndani ya kifuniko, ukitazamana na kioo. Ni mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa kadi ngumu ya milimita 3 inakuwa ndiyo inayobonyea kioo. Afadhali upanue ukuta wa upande wa bawaba kutoka milimita 15 hadi 40, na kwenye lile tabaka la juu la milimita 5 ukate mistatili ya 32 kwa 22, kila mmoja na nafasi ya kidole pembeni. Upana wa paneli na wa mabamba utaongezeka kwa 25, na zipu kwa 50. Kadi yenyewe ni 31 kwa 21, ndogo kiasi cha kumezwa na mtoto, ndiyo maana Nintendo huzipaka denatoniamu benzoeti, kitu kichungu ajabu. Asiyeamini ailambe moja.