Ethi ya Nusu Fimbo

Jumamosi umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi saa tisa mchana, watoto walishangilia mtaa mzima, na binti wa jirani, ana miaka 9, akakimbilia friji miguu mitupu, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Shoti ikamtupa chini. Tunamshukuru Mungu, ni mzima. Ila mimi usingizi sijaupata vizuri tangu siku ile, maana nilizunguka nyuma ya nyumba yao kuangalia ethi, ile fimbo ya chuma inayopeleka ardhini umeme unaovuja.

Niliishika ile fimbo, ikang'oka kama mchicha. Kipande chenyewe hakifiki hata futi moja. Fundi aliipiga nyundo, ikagonga jiwe, akaikata kwa msumeno wa chuma, akafukia kilichobaki na kuchukua hela yake.

Tuliojenga milimani hapa Mwanza, Igogo, Mabatini, Isamilo, tunajua ardhi yetu. Unachimba shimo la choo, sururu inatoa cheche. Fimbo ya mita 1.2 itapita wapi? Haya, nakubali, mwamba ni mgumu na fundi tunambana bei. Lakini angemwambia mwenye nyumba! Familia ile imelala miaka na kifo ukutani, ikiamini ina ethi.

Waya ukichubuka ndani ya friji ukagusa bati, umeme unatakiwa ukimbilie ardhini kwa wingi mpaka breka ijizime. Ethi ikiwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 100, na juu ya jiwe unaweza kuzidi hapo, volti 230 zinapitisha ampea 2.3 basi. Breka ya ampea 32 haina habari. Bati linabaki na umeme, linangoja mkono. Na moyo wa mtoto hauhitaji hata ampea moja kusimama.

Dawa ipo. Waya wa ethi uteremshwe mpaka penye udongo, hata kama ni kiwanja cha chini. Fimbo zipigwe mbili au tatu, ziunganishwe, au shaba ilazwe kwenye mtaro. Kisha ifungwe ile breka yenye kitufe cha kupimia, inayokata umeme ukivuja milliampea 30 tu. Hiyo inakuokoa hata ethi ikiwa dhaifu. Fundi awe na leseni ya EWURA, na aipime ethi kwa mashine mbele yako. Usikubali akuambie kwa mdomo.

Mengine mnayajua, myafanye tu. Umeme ukikatika, chomoa pasi na televisheni kabla haujarudi. Radi zikianza kutoka ziwani usiku, chomoa pia. Kibatari kikae mbali na neti. Jenereta isiwashwe koridoni wala barazani, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu wamelala.

Jumapili baba wa yule binti alishuka kwa mzee anayekaa chini yetu, akamwomba nafasi pembeni ya migomba, pale maji ya vyombo yanapomwagwa kila siku na udongo haukauki. Mzee hakuuliza mara mbili. Alitoa sururu yake, akaanza kuchimba mwenyewe. Fundi mpya anakuja kesho na fimbo tatu. Friji bado haijachomekwa.