Mbuzi wa Azazeli wa Holman Hunt: fumbo linalotegemea fremu

Novemba 1854, mchoraji Mwingereza William Holman Hunt alipiga kambi kando ya Bahari ya Chumvi ili achore mbuzi aliyetwikwa dhambi za taifa zima. Picha ilipoonyeshwa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mwaka 1856, baadhi waliona fumbo zito la Kristo. Wengine waliona mbuzi aliyechoka, basi.

Ibada yenyewe imo katika Mambo ya Walawi 16. Siku ya Upatanisho mbuzi wawili walipigiwa kura. Mmoja alichinjwa kwa ajili ya Bwana. Wa pili, wa Azazeli, kuhani mkuu alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama makosa ya Israeli, kisha mbuzi akapelekwa nyikani. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Yoma, inaongeza utepe wa sufu nyekundu: nusu ilifungwa kwenye jabali, nusu kati ya pembe, halafu mnyama akasukumwa gengeni kinyumenyume. Kabla hajafika nusu ya mteremko, alikuwa vipande vipande.

Mbuzi wa Hunt yu hai, kwato zimezama kwenye ganda la chumvi, karibu na mifupa ya ngamia. Usahihi alioutafuta kwa taabu ni wa mahali kuliko wa ibada, ingawa Walawi inasema nyika tu, haitaji genge. Mhakiki wa sanaa John Ruskin alimshambulia Hunt kwingine: kwamba katika hamu ya kuchora fumbo alisahau kujiuliza kama anaweza kuchora mbuzi. Hapo Ruskin alizidisha. Mbuzi wa kwanza ambaye Hunt alimtumia kama kielelezo alikufa, na wa pili alichorwa Jerusalem akiwa amesimamishwa juu ya tope na chumvi vilivyobebwa kutoka ziwani. Uzito wa mwili juu ya miguu inayolegea unaonekana wazi.

Udhaifu halisi ni kwamba turubai peke yake haisemi mbuzi huyu amebeba nini. Kuhani hayupo, umati haupo, mbuzi wa kuchinjwa hayupo. Hunt alilijua hilo, ndiyo maana alibuni fremu yenye Isaya 53:4 na Walawi 16:22, pamoja na njiwa na kinara cha matawi saba. Anayeichapa picha bila fremu amekata nusu ya hoja.

Hunt alichora picha hii katika matoleo mawili. Toleo dogo lililoko Manchester, la takriban sentimita 34 kwa 46, lina mbuzi mweusi na upinde wa mvua. Linaeleweka haraka, na kwangu ndilo dhaifu: upinde unatoa faraja kabla mtazamaji hajaona mzigo. Toleo kubwa, lililoko jumba la sanaa la Lady Lever, Port Sunlight, Uingereza, halina upinde; rangi nyekundu ya utepe wa pembeni mwa mbuzi ndiyo inayobeba kazi.

Na utepe huo unamgeukia mchoraji. Kumwona Kristo katika mbuzi huyu ni jambo la kale, lipo tayari katika Waraka wa Barnaba, andiko la Wakristo wa mwanzo. Lakini Hunt alitumaini pia kwamba Wayahudi wangemtambua Masihi kupitia picha hii. Katika Mishna kulikuwa na utepe mwingine mlangoni pa Hekalu, uliogeuka mweupe mbuzi alipofika nyikani, kwa kufuata Isaya 1:18. Hapa mbuzi amekwisha kufika nyikani, na utepe ni mwekundu. Myahudi aliyesoma Yoma ana haki ya kujibu kwamba, kwa ushahidi wa picha yenyewe, dhambi bado hazijaondolewa.