Geuza Gari Kabla Barabara Haijaisha

Juzi nimetumiwa ratiba ya matembezi ya siku moja kwenye barabara ya milimani, na tangu niisome sijatulia. Kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kurudi usiku. Katikati kuna orodha ya sehemu za kutazama mandhari, kila moja imepewa dakika tano, na yenye maporomoko ya maji imebahatika kupata kumi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: TUNAMALIZA BARABARA YOTE.

Tunaimaliza ili iweje? Kumaliza barabara ni kazi ya mtu mwenye mzigo wa kufikisha upande wa pili. Wewe umetoka nyumbani kwenda kutazama milima, hakuna aliyekutuma.

Chukua Blue Ridge Parkway ya Marekani, inayofuata migongo ya milima ya Appalachian kutoka Virginia hadi North Carolina. Ina urefu wa kilomita 755, na kasi ya juu inayoruhusiwa ni maili 45 kwa saa, yaani kama kilomita 72. Piga hesabu mwenyewe. Hata usiposimama popote, hata ukungu usiposhuka, ni zaidi ya saa kumi umeshika usukani. Walioijenga walijua wanachofanya: malori ya biashara hayaruhusiwi humo, na sehemu za kuegesha na kutazama zimewekwa njia nzima. Ujenzi ulianza 1935, na kipande cha mwisho kilifunguliwa mwaka 1987, kwa sababu pale Grandfather Mountain hawakutaka kuuchimba mlima. Walijenga daraja linalopinda kuufuata ubavu wake, Linn Cove Viaduct, lenye vipande 153 vya zege, na kila kipande kilishushwa mahali pake kutokea juu ya daraja lenyewe ili mitambo isiharibu miamba na miti iliyo chini. Gari hulipita daraja hilo kwa chini ya dakika moja. Watu waliumiza vichwa kiasi hicho ili mlima ubaki mlima, halafu mtu anapita anatazama saa.

Kuna mmoja ambaye ratiba za namna hii humsahau kabisa, naye ni dereva. Abiria wanaona bonde, yeye anaona kona. Nyuma wanapiga kelele, “Tazama kule! Tazama lile ziwa!” na yeye hawezi kutazama, kwa sababu upande mmoja ni jabali, upande mwingine ni korongo, na mbele kuna basi linalokuja katikati ya njia. Kaka yangu mkubwa ametuendesha milimani mara nyingi, na siku moja tulipofika chini, wote tunasimuliana, alituuliza lile ziwa lilikuwa na rangi gani. Lilikuwa pembeni yake kwa muda mrefu tu. Swali lile liliniuma, na bado linaniuma. Mtu aliyetubeba wote salama ndiye pekee aliyekosa tulichokwenda kukiona. Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: dereva akisema tusimame, tunasimama, na hatuondoki mpaka ashibe macho yeye. Tena azime gari, ashuke, atembee hatua kadhaa mbali na barabara. Kwenye mlima kuna upepo, kuna harufu ya miti, kuna sauti ya maji usiyoyaona, na vyote hivyo havipenyi kwenye vioo vilivyofungwa.

Kwa hiyo nasema hivi: panga saa ya kugeuza, usipange mahali pa kufika. Ikifika saa nane mchana, popote mlipo, geuzeni. Kama mmefika robo ya njia, basi robo hiyo ndiyo safari yenu, na itakuwa safari nzuri.

Watu hupinga kwamba kurudi njia ile ile kunachosha. Hapana. Barabara ya mlimani ukiipanda na ukiishuka ni barabara mbili. Jabali lililokuwa kivulini asubuhi, alasiri linawaka jua. Aliyekaa upande wa jabali sasa amekaa upande wa bonde. Kilele kilichokuwa mgongoni kwako saa tatu zilizopita kiko usoni. Hebu fikiria Going-to-the-Sun Road, kule kwenye hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani. Mpango mmoja wa awali ulitaka kona 15 za kujikunja kupanda hadi Logan Pass, pengo la juu milimani ambapo barabara inavukia. Thomas Vint, msanifu wa mandhari wa hifadhi za taifa, aliupinga kwa sababu ungeacha makovu bondeni, na wakakubali njia iliyogharimu zaidi: kuichonga barabara kwenye ubavu wa mlima wenyewe, ikabaki na kona moja tu ya namna hiyo. Ilikamilika mwaka 1932. Ina kilomita 80 hivi, na kwa kuwa imening'inia ubavuni, unachokiona ukipanda na unachokiona ukishuka havifanani hata kidogo. Ukitokea upande wa pili na kuendelea na safari zako, umeona nusu.

Nakubali, zipo barabara fupi ambazo siku moja inazitosha. Grossglockner ya Austria, iliyofunguliwa 1935, ina kilomita 48 na kona kali 36, na mtu anaweza kuipita yote na bado akapata saa nzima ya kuutazama Pasterze, mto wa barafu mkubwa kuliko yote nchini humo, unaozidi kusinyaa. Sawa. Lakini hata huko, anayeanza na hesabu ya kona ataikosa barafu.

Kisha kuna usalama, na hapa sina mzaha. Ratiba ya kumaliza barabara yote humfikisha dereva kwenye mteremko mrefu kuliko yote akiwa amechoka na giza limeingia. Anakanyaga breki kona baada ya kona, breki zinapata moto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki. Teremka na gia ya chini, injini ilizuie gari, breki uziguse tu pale inapobidi. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama, ziache zipoe. Hayo yanataka muda, na muda ndio uliokwisha kuliwa na kilomita.

Hali ya hewa nayo haisubiri ratiba. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na milima mingi mirefu hupata radi mchana wa majira ya joto. Trail Ridge Road ya Colorado hufika mita 3,713, juu kabisa ya mahali ambapo miti huacha kuota, hakuna pa kujificha. Beba koti hata kama nyumbani mnatokwa jasho.

Mwenye haraka akikutokea nyuma, usishindane naye wala usimkasirikie. Pengine yeye kweli ana mzigo wa kufikisha. Washa indiketa, ingia kwenye nafasi ya pembeni, mpishe. Halafu, maadamu umeshasimama, zima gari ushuke.