GB 64 za kwenye karatasi tu

Jamani, hizi memori kadi feki za Kariakoo zinaniuma. Nilinunua moja imeandikwa GB 64, nikaiweka kwenye kamera yangu ndogo, nikapiga harusi ya mdogo wangu tangu asubuhi mpaka keki. Kufungua kwenye kompyuta, picha za asubuhi zipo. Za ukumbini? Mama anamlisha bibi harusi keki: kilemba kinaonekana, kuanzia machoni kushuka chini ni kijivu kitupu. Kumbe ndani mna GB 8 tu, kadi imechezewa ijitangaze 64, na kamera inaendelea kuandika bila kujua.

Halafu muuzaji anauliza "unataka ya GB ngapi?" basi. Haulizi kamera gani! Kamera za zamani zinazotumia kadi za aina ya SDHC mwisho wake GB 32; kadi za SDXC, yaani zile zinazozidi GB 32, nyingi ya kamera hizo zinazikataa.

Siku hizi nikinunua naijaza yote mafaili siku hiyohiyo, nayafungua moja moja. Majuzi nimegundua nyingine mbovu, nikairudisha. Naambiwa, "Dada, pakiti umeshaifungua." Sasa ningeijaribuje bila kuifungua?