Mmea vamizi ukiwa ndani ya ua wa mtu

Manispaa inapomwamuru mwenye nyumba ang'oe mmea vamizi, yaani mmea wa kigeni unaoenea na kuleta madhara, ambao aliupanda kwa mkono wake, hoja ya manispaa si ndogo. Lantana, kichaka cha maua kilichotoka Amerika ya kitropiki na kupendwa kwa rangi zake, huzaa vitunda vinavyoliwa na ndege, na mbegu huangushwa mbali, hata kwenye malisho ambako majani yake huwadhuru ng'ombe. Mwenye bustani hufurahia maua, mfugaji asiyemfahamu akabeba hasara. Kusema tu "kiwanja ni changu" hakujibu hilo.

Lakini namna ya kuamuru ina uzito kuliko amri yenyewe. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kupanda Reynoutria japonica, mmea vamizi wenye asili ya Asia Mashariki, porini au kuufanya uote huko. Kuwa nao tu bustanini si kosa. Wapo wanaouita huo ulegevu. Mimi naona una busara, kwa sababu mmea huu huchipua upya hata kutoka kipande kidogo cha shina lake la chini ya udongo. Mpe mtu siku chache na tishio la faini: ataukatakata kwa jembe, kisha mabaki ayatupe kichakani. Amri itakuwa imetekelezwa na mmea umeenea. Ndiyo maana huko huko mabaki yake huhesabiwa kuwa taka zinazodhibitiwa, yaani zisizoruhusiwa kutupwa ovyo.

Afrika Kusini nako, kanuni zimeuorodhesha mjakaranda kuwa mti vamizi katika baadhi ya majimbo, ila maeneo ya mijini yakaachwa nje ya katazo. Pretoria inajulikana kwa miti hiyo, na kuikata yote kungeziacha barabara bila kivuli. Naukubali uamuzi huo, ingawa unanikera kidogo: mti wenye mashabiki wengi hupata msamaha, kichaka cha mtu mmoja hakipati mtetezi.

Haki ingeanzia kwenye vitalu vya miche. Maadamu mmea unaruhusiwa kuuzwa, kumtoza faini aliyeununua ni kumwadhibu mtu wa mwisho katika mnyororo. Mwenye nao tayari apewe muda wa kutosha, aelekezwe namna ya kuung'oa, na manispaa iyachukue mabaki bila malipo. Na pale nyumba ilipopangishwa, barua iende kwa mwenye nyumba, kwani mpangaji hana mamlaka ya kung'oa asichokipanda.