Kibegi Hakikukatika, Alhamdulillahi

Wale mlioiona ile video ya swahiba wangu kwenye kundi, ya mimi na kibegi changu tukivutwa na punda, ifuteni. Ambao hamjaiona, msiitafute. Kwanza, sikulia. Pili, sikuita "mama". Nilisema "Lahaula", na mwenye masikio ya kusikia "mama" hapo ana lake jambo. Tatu, punda hakuwa akikimbia. Alikuwa akitembea mwendo wake wa kazini, na hilo ndilo lililonimaliza, maana angekimbia watu wangesema masikini, kapatwa na ajali. Huyu alitembea, nami nikatembea naye, kinyumenyume, na kanzu yangu ya pasi, katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, baada ya alasiri, saa ambayo Lamu nzima iko nje inapunga upepo.

Haya, sikilizeni yenyewe.

Habari za kibegi mnazijua, nimewachosha nazo. Nilikuwa natafuta slingi, kile kibegi cha mkanda mmoja kinachopita begani, ukitaka unakiweka kifuani, ukitaka mgongoni. Mtu wa Lamu haishi kupanda na kushuka chombo. Kwenda Mokowe kushika basi, chombo. Uwanja wa ndege uko Manda, chombo. Ukishuka ngazi za gati maji yamekupwa, zile ngazi za chini zimeota ukoga, simu yako iko kwenye mfuko wa kanzu, basi hiyo simu nusu yake ni ya samaki. Na kule njia ya Garsen kila kizuizi mnateremka mtoe vitambulisho. Kuna abiria yule ambaye kitambulisho chake kimo ndani ya begi, begi limo kwenye buti, juu yake pana magunia ya watu. Basi zima linamngoja. Wanaomjua yule abiria wanajua kwa nini nataka kibegi.

Nikasoma mpaka nikawa shekhe wa vibegi. Muulizeni yeyote wa pale kwenye kahawa. Walikuwa wakiniona naja, vikombe vinamalizwa kwa funda moja.

Nikawafundisha lita. Cha lita 2 au 3 kinatosha simu, pochi na funguo, ukitia chupa ya maji kinafura. Cha lita 10 si slingi tena, hilo ni shanta lililokosa mkanda mmoja. Mimi nikachukua cha lita 6: chupa ndogo ya maji, pawabanki, miwani, kitambulisho, tasbihi, na kwa nyuma kabisa, upande unaogusana na mwili, mfuko bapa wa pasipoti ambao mwizi hawezi kuufikia bila kukukumbatia kwanza.

Nikawafundisha kitambaa. Nailoni ya Cordura, ile ngumu isiyochanika ovyo, 1000D. Hiyo D ni denia, nikawaambia, na vikombe vikishuka mimi naendelea: unachukua uzi wa kilomita 9, unauweka kwenye mizani, gramu utakazozipata ndiyo denia yake. Kutoka gatini hapa hadi Shela ni kilomita 3 hivi. Basi uzi wa 1000D wa kwenda Shela, kurudi, na kwenda tena, uzito wake ni kilo nzima ya sukari. Zipu za YKK, Wajapani walioanza kazi hiyo tangu 1934. Na kifungio cha mkanda ni cha sumaku: ukikisogeza tu kinajifunga chenyewe, lakini kinachoshikilia hasa ni kulabu zake za ndani, na kadiri unavyokivuta ndivyo kinavyozidi kung'ata.

Hiyo sentensi ya mwisho niliisema kwa kujivuna sana. Swahiba wangu anayo kwenye simu. Ameiweka mwanzo wa video.

Kilichobaki ni karabina. Ile pete ya chuma yenye ulimi wa springi, wapanda milima hupitishia kamba zao. Kibegi kina kitanzi upande wa mbele, na kwenye picha zote za matangazo kitanzi kile kina karabina. Lamu mlima wetu ni vilima vya mchanga vya Shela, lakini karabina nikanunua. Nikaning'iniza funguo. Ikawa kazi yangu kuwabonyezea watu masikioni: tak, tak. "Sikia chuma hicho."

Basi jana nimeoga, nimetia udi, nimekijaza kibegi vitu vyote vya safari ya Mombasa ili nione mkanda utakaaje begani. Majaribio tu. Nikapita Usita wa Mui kwa makusudi, na makusudi yenyewe mnayafahamu: baba wa nyumba fulani, ambaye inshallah atakuwa mkwe wangu, hukaa barazani na wazee wenzake saa hizo. Posa imeshapokelewa. Mahari inazungumzwa. Nilitaka anione tu, kijana nadhifu, mtu wa safari, mtu wa mipango.

Punda nilimwona tangu mbali. Alikuwa peke yake na magunia ya mchanga kwenye shogi, yale matandiko ya mgongoni ya kubebea mzigo, mwenyewe amebaki nyuma huko akiamkiana na mtu. Punda wetu hana haja ya kuongozwa. Akipelekwa mahali penye ujenzi mara mbili tatu, njia inakuwa yake. Mji huu UNESCO waliutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na vichochoro vyake hivi hivi tunavyojivunia, ambavyo punda mwenye mzigo akipita binadamu anageuka kuwa rangi ya ukuta. Nikafanya hivyo. Nikajibanza, nikavuta tumbo ndani, nikangoja. Kibegi kifuani.

Kichwa kikapita. Shingo ikapita. Gunia likaja, likanisugua, likanibana kidogo.

Tak.

Nikainama kuangalia. Karabina ilikuwa imeidaka kamba ya shogi na kujifunga, barabara, kwa ufundi wote ulioandikwa kwenye karatasi yake. Nikapeleka kidole kwenye ulimi. Punda akatia hatua, kamba ikakaza, ulimi ukagoma. Na hapo kibegi kikafanya kile kile nilichokinunulia. Mnaikumbuka ile sifa, kwamba unakihamisha kutoka kifuani hadi mgongoni kwa mkono mmoja? Huo mkono mmoja wala haukuhitajika. Kilipita chini ya kwapa kwenda mgongoni, kinateleza vizuri mashallah, mkanda ukanikaba kifua, visigino vyangu vikaanza safari kabla yangu.

Sasa kifungio kiko mbele yangu, hapa, chini ya kidevu, nakiona. Kinafunguka kwa kutelezeshwa upande, lakini mpaka mkanda ulegee. Na mkanda unavutwa na kiumbe mwenye magunia ya mchanga na shughuli zake. Nikapiga hesabu: ili ulegee, lazima nirudi nyuma upesi kuliko yeye anavyokwenda mbele. Nikaongeza mwendo kinyumenyume.

Punda akadhani anaharakishwa.

Tukalipita duka la swahiba wangu. Amesimama mlangoni na gilasi ya ukwaju. Nikamtazama kwa macho ambayo ndugu kwa ndugu wanaelewana: njoo unisaidie. Akaiweka gilasi chini taratibu, akajipangusa mkono kwenye kikoi, akatoa simu. (Swahiba, najua unasoma. Zile pesa za bando ulizonikopa, nazitaka kesho.)

Nyuma siwezi kutazama, kwa hiyo baraza sikuiona ikija. Niliisikia. Ule ukohozi wa wazee wanaonyamaza wote kwa pamoja.

Mtu akiwapita wazee lazima awasalimu. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa aliyevutwa na punda". Nikasema:

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," wakajibu wote, hawakupunguza hata neno.

Na punda akasimama.

Wallahi akasimama pale pale mbele ya baraza. Palikuwa na ganda la tikiti. Nikahisi mkanda umelegea, umelegea kabisa, mara ya kwanza tangu kichochoro kile. Kifungio kiko kwenye vidole vyangu. Kusukuma kidogo tu upande, niko huru, nasimama kama mtu aliyekuwa akipita na hamsini zake. Naanza kusukuma, na baba mkwe akaninyoshea mkono.

Nawauliza nyinyi. Mkono wa mzee, ambaye mahari ya binti yake inazungumzwa, umenyoshwa mbele yako. Utasema "subiri kidogo baba, nifungue begi"?

Nikaachia kifungio. Nikaupokea mkono, nikaubusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mzee hajambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wakusalimu." Nasikia huko nyuma ganda likitafunwa, nalipima kwa masikio, bado lipo, bado lipo. Nikarudisha kidole kwenye kifungio. Mzee wa pili akanyosha mkono wake. Nikaubusu. Wa tatu alikuwa amekaa mwisho, karibu na mlango, na mkono wake haukufika, ikabidi nijivute kumfuata, na kujivuta huko kukaukaza mkanda, na mkanda ukamkumbusha punda kazi.

"Huyu punda ni wako?" akauliza wa tatu, kwa nia njema kabisa, mkono wake ungali kwenye mkono wangu.

"La, baba. Tumekutana tu."

"Wenda wapi, basi?" akauliza baba mkwe.

Hilo swali mpaka leo sijapata jawabu lake. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Nikasema, "Hapo mbele tu," huku nikikwenda nyuma.

"Basi karibu chai!"

"Starehe, baba! Starehe!" Mara ya mwisho niliisema nikiwa kwenye kona, na nadhani kofia ndiyo iliyobaki kuwaaga, maana ilidondoka pale. Nyuma ya pazia la dirisha la juu nilisikia kicheko cha kike. Sijauliza ni cha nani. Msiniulize.

Mengine hayana maneno. Punda alifika kwenye ujenzi akasimama. Kijana anayechanganya saruji akakamata karabina kwa vidole viwili akaitoa, hata koleo hakuweka chini. Mwenye punda akatokea, akanipa mkono, akanishukuru kwa kumfikishia mzigo. Nikarudi nyumbani kwa njia ya makaburini.

Wengi wenu mmeniulizia hali ya punda. Hajambo. Angeugua, hapa mjini wana hospitali yao tangu 1987, matibabu bure. Mimi nina alama ya mkanda kutoka bega hadi ubavuni na sijapewa hata Panadol.

Na wale wa "kwa hivyo kibegi ni kizuri au si kizuri?", nyinyi hamna huruma, lakini ni kizuri. Uzi hata mmoja haukuachia. Zipu hazikufunguka, tasbihi, miwani na chupa vyote vimo. Nilikifungua nikitumaini angalau pamechanika mahali, nipate wa kumlaumu. Hapana. Ningekuwa na kile cha bei rahisi cha barabarani, cha kifungio cha plastiki, kingekatika hatua ya kwanza nami nikabaki na heshima yangu. Hilo kwenye matangazo hawalisemi. Kama wewe ni mtu wa Mombasa au Nairobi, wa kuibiwa kwenye matatu, nunua mkanda usiokatika. Kama makazi yako ni Lamu, tafuta wenye kukatika. Na kitanzi cha mbele kiache kitupu, au kikate kabisa. Funguo tia ndani. Vibegi vingi vina kikulabu kidogo cha funguo mfukoni, ndiyo kazi yake.

Leo asubuhi amekuja mtoto kutoka nyumba ile na kofia yangu, imefuliwa, imetiwa wanga. Moyo ukanidunda, nikajua posa inarudishwa na kofia imetangulizwa. Kumbe mzee ana salamu. Anakwenda Umra, na nguo ya ihramu haina mfuko; amekuwa akifikiria pasipoti na simu ataviweka wapi. Jana amekitazama kibegi vizuri, alipata nafasi ya kutosha. Anataka kama kile kile, kisichokatika, mkanda mrefu kidogo. Pesa atanipa nikimpelekea, kesho alasiri, barazani.

Mtoto akageuka kuondoka, akakumbuka, akarudi. "Babu amesema uje mwenyewe. Usiletwe."